Mwaka Babu Alipoingia Jikoni

Siku tuliyomzika babu, aliyesoma wasifu wa marehemu alisema Mzee Mihayo alikuwa mkulima wa tumbaku, mfuga nyuki, mzee wa kanisa, na kwamba ameacha watoto, wajukuu na vitukuu. Hakusema kwamba alikuwa mpishi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na binti za shangazi. Nililisubiri neno hilo mpaka karatasi ikakunjwa, nikanyanyuka kidogo kama mtu anayetaka kuomba nafasi ya kusema, kisha nikakaa tena na kujifanya nilikuwa naweka kanga sawa. Baadaye, wakati wa kula, binamu mmoja aliyetoka Dar es Salaam aliuliza babu alikuwa anakula nini hata akazeeka vile, mgongo umenyooka na akili timamu mpaka mwisho. Mmoja akasema ni asali. Mwingine akasema ni mlenda na kutokunywa pombe. Wakabishana, wakacheka, wakahamia kwenye mambo ya nauli na barabara. Mimi niliona wangeuliza ni nani aliyekuwa anapika hicho chakula, wangepata jibu zuri zaidi. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, neno moja baada ya jingine kama mtu anayeshona kwa mkono, lakini jambo hili sitaki lipotee. Nitaliandika kama nilivyoliona mwaka ule niliokaa naye.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya mimi kumaliza shule ya msingi. Bibi alifariki mvua zilipokuwa ndiyo zinaanza kushika. Nyumba yao ilikuwa kijijini, upande wa Urambo, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye sebule ya viti vya mninga, vizito, ambavyo babu alivichongesha alipokuwa bado na nguvu za kualika watu wengi. Jiko lilikuwa kibanda peke yake nyuma ya nyumba, mafiga matatu chini, kuta nyeusi kwa masizi, na kamba iliyotundikwa masuke ya mbegu juu ya moshi. Siku ya kuanua matanga nilikuwa mle jikoni nasugua masufuria, na dirisha la sebule lilikuwa wazi.

"Mzee hawezi kukaa peke yake," alisema baba mkubwa Maganga, mtoto wa kwanza wa babu, aliyekuwa akiishi mjini Tabora, mtaa wa Chemchem. "Nani atampikia?"

"Si yupo Nyamizi," akajibu shangazi Kalunde. "Jina lake halikutoka la kwenda sekondari. Yuko tu nyumbani."

"Yule hata salamu unamvuta kama maji ya kisimani."

"Ndiyo maana anafaa. Mzee hapendi kelele."

Wakacheka kile kicheko cha watu waliochoka na msiba. "Basi mwaka mmoja," baba mkubwa akasema. "Mpaka tufanye kumbukumbu ya mama. Halafu tutaona."

Nyamizi ndiye mimi. Niliendelea kusugua sufuria lilelile mpaka likang'aa kuliko lilivyohitaji. Mwaka mmoja wa kumpikia mzee nilijua ulivyo. Katika ukoo wetu yupo dada aliyepelekwa kumpikia babu mwingine msimu mmoja wa kilimo, akakaa mpaka babu yule akafa, na alipotoka, wenzake aliosoma nao walikuwa na watoto wanaokwenda shule. Hakuna aliyemfungia mlango. Kila mwaka ulipoisha, watu walisema tutaona. Na mimi nilikuwa na mahali pa kwenda. Fundi Sikujua, mwanamke aliyekuwa na vyerehani vyake karibu na soko la Tabora, alikuwa ameona blauzi niliyoishona kwa mkono, akaigeuza ndani na nje, akaniambia nije kwake mwaka unaofuata mvua zikianza, atanifundisha. "Lakini zikianza, zikianza kweli," alisema. "Sitakaa nakusubiri. Wasichana wapo wengi." Neno hilo sikumwambia mtu yeyote mle ndani. Nilikuwa mtoto wa kukubali, na baba yangu naye, mdogo wa wote, alikuwa mtu wa kukubali.

Miezi ya kwanza nilipika kama nilivyofundishwa. Asubuhi uji, au chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo bibi alikuwa ameacha gunia zima. Mchana na jioni ugali, kwa mboga ya uyoga wakati wa mvua, au nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yakipikwa kwa karanga mpaka yanakuwa mazito kama tope zuri. Nilibeba sinia mpaka sebuleni, nikapiga magoti, nikamnawisha babu, nikarudi jikoni kula changu. Yeye alikula peke yake kati ya viti vitupu, mimi nilikula peke yangu kati ya masufuria, na katikati yetu kulikuwa na ua. Aliponiita aliniita mke wangu mdogo, kama babu wanavyowatania wajukuu, na mimi kwa aibu niliangalia miguu yangu. "Mke wangu mdogo, leo umenipikia au umenionea huruma?" Sikujua kujibu utani. Wasichana wengine wangemwambia atafute mke mwingine, huyu amechoka. Mimi nilikusanya vyombo.

Nilichokuwa nakifanya jioni, kazi ikiisha, ni kukata. Kwenye bani, lile jengo la kukaushia tumbaku, kulikuwa na mabaki ya magunia ya kufungia mitumba ya tumbaku. Nilikata mikono, kola, na viuno vya sketi kutoka kwenye magunia hayo, nikavishona kwa sindano kubwa na uzi wa katani. Havikuvaliwa na mtu. Nilitaka tu mikono yangu isisahau. Babu alinikuta siku moja nimekaa kizingitini na kola ya gunia mapajani. Akaichukua, akaivaa shingoni, akakaa nayo kama mchungaji siku ya Jumapili. Kwa mara ya kwanza nikacheka mbele yake, na kwa sababu nilikuwa nacheka, maneno yakatoka. Nikamwambia kuhusu Fundi Sikujua.

"Amesema lini?"

"Mvua zikianza."

"Hizi?"

"Za mwakani."

Alivua kola, akainyoosha kwenye goti lake, akanirudishia. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeinama napuliza moto, mlango ukawa giza. Babu alikuwa mrefu na mlango wa jiko ulikuwa umepimwa kwa kimo cha bibi. Aligonga paji la uso, akarudi nyuma, akainama, akaingia.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini, babu?"

"Kupika."

Nilidhani ananitania, nikasubiri amalizie. Alivuta kigoda cha bibi akakaa, magoti yakafika kifuani. Nikamwambia watu watasema. Akasema watu wa kijiji hiki walikuwa wanasema kabla hajaingia jikoni na wataendelea kusema akitoka, na kwamba maji yanachemka.

Sasa hivi, miaka hii ambayo nashona mwenyewe mjini, wazee huletwa kwangu kupimwa suti za harusi za wajukuu. Huletwa na watoto wao, na watoto ndio wanaozungumza. Mpime hapa, mzee hataki mifuko mingi, mzee anapenda rangi ya kahawia. Mzee amesimama katikati mikono imeinuliwa, anageuzwa huku na huku, na uso wake umeondoka hapo zamani. Watoto hao si wabaya. Wamekuja na mzee wao, wamemletea soda, wamemshika mkono kwenye ngazi. Lakini kila mara namkumbuka babu juu ya kile kigoda, mtu aliyekuwa na wajukuu wengi wa kumtumikia, akimwuliza mtoto wa darasa la saba ni wakati gani unga unaingia kwenye maji.

Hakuwa mwanafunzi rahisi. Tabu ya kwanza ilikuwa moto, kwa sababu alidhani moto anaujua. Maisha yake yote alikuwa amekausha tumbaku, na moto wa bani ni wa magogo makubwa yanayosukumwa ndani taratibu, usizimike, usilipuke, uende hivyo usiku na mchana. Kwa hiyo babu alileta gogo. Alilisukuma kati ya mafiga, akakaa akilitazama kwa subira ya mkulima, na ndani ya muda mfupi jiko lilikuwa na joto la kukausha majani lakini maji ya ugali hayajafurukuta. Kisha gogo likashika kweli, na ugali ukaungua chini huku juu ukiwa uji.

"Babu, hii si tumbaku," nikamwambia. Ndiyo ulikuwa utani wangu wa kwanza kwake, na sikukusudia kutania.

"Naona," akasema. "Tumbaku ingekuwa imeiva vizuri."

Alijifunza vijiti vidogo. Alijifunza kuchota unga kwa kiganja na si kwa bakuli, na kuugandamiza ugali kwenye ukingo wa sufuria ili madonge yavunjike. Mlenda ulimsumbua zaidi. Magadi kidogo tu hulainisha mlenda. Yeye aliweka kama mtu anayepanda mbegu, na tulikula mboga iliyotufunga midomo. Aliposhindwa hakucheka ili kuficha, wala hakukasirika. Alikula alichopika mpaka kikaisha, akaosha sufuria mwenyewe, akasema, "Kesho." Na kwa kuwa alikuwa jikoni na mimi nilikuwa jikoni, tulianza kula mlemle, sinia moja, magoti yakigusana. Sikumbuki siku tuliyoamua hivyo.

Habari zilifika kisimani kabla ya mwezi kuandama. Wanawake walinipisha kwenye foleni kwa upole wa kutaka kuhadithiwa. "Nyamizi, mwenzio hajambo? Leo kapika nini?" Nilijaza ndoo nikaondoka. Wanaume walimtuma Mzee Shabani, jirani na rafiki yake tangu ujana, ambaye hakuhitaji kutumwa. Alikuja mchana, akasimama uani akiegemea baiskeli yake, akamwona babu anachagua mawe kwenye mchele.

"Mihayo, nasikia umeolewa."

"Nimeolewa."

"Mume wako nani?"

"Tumbo langu. Karibu, ana njaa na wewe unachelewesha."

Mzee Shabani aliketi, lakini hakuwa amemaliza. Alisema utani ni utani, ila mwanamume wa Kinyamwezi kukaa mafigani ni kujivunjia heshima, na watoto wake wanavunjiwa pamoja naye. Babu aliendelea kuchagua mawe. Akasema, "Babu yangu mimi alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, akarudi na nguo na shanga, kwa njia ileile inayopita nyuma ya stesheni ya treni. Wanaume watupu, mwezi hadi mwezi, na kila kundi na chungu chake. Unadhani nani alikuwa anawapikia njiani? Simba?"

"Walipika kwa sababu hapakuwa na wanawake."

"Na humu ndani yupo?"

Mzee Shabani aliangalia mlango wa jiko. Alimjua bibi tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Chakula kilipoiva alinawa, akala, na alipoondoka alimwambia babu kwamba wali ulikuwa umekauka kidogo. Tangu siku hiyo alikuja mara kwa mara, na kila mara akaondoka na lawama.

Katikati ya kiangazi, wakati wa kuuza tumbaku, babu alimwaga maji ya moto kwenye mguu. Sufuria lilikuwa na mpini mmoja uliolegea, mimi nilikuwa kisimani, na niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kigoda anapaka asali kwenye ngozi iliyovimba, midomo imekazwa. Zahanati walimfunga bandeji, na mtu akapiga simu mjini. Baba mkubwa alikuja na gari la kukodi, shangazi Kalunde akiwa ndani. Shangazi aliingia jikoni, akaona kigoda, akaona shati la babu limetundikwa pale ambapo bibi alitundika kanga.

"Wewe," akaniambia, si kwa sauti kubwa. "Tulikuleta umtumikie baba yangu. Umemgeuza mtumishi."

Babu alisikia kutoka uani. "Kalunde. Mguu ni wangu na sufuria ni langu. Huyo mwache."

"Baba, unakwenda Tabora."

"Nitakwenda mguu upone."

Tulikwenda wote wawili. Chemchem baba mkubwa alikuwa na nyumba nzuri, sakafu ya vigae, kochi la rangi ya zambarau, televisheni iliyoongea tangu asubuhi. Babu alipewa chumba cha mbele na godoro jipya. Walimpenda sana, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mke wa baba mkubwa alimpikia wali wa nazi, samaki, ndizi, supu ya kuku. Akinyanyuka kufuata maji, mtu alishafika na glasi. Akishika ufagio, ufagio uliondolewa mkononi kwa heshima. Viatu vyake vilipanguswa akiwa amelala. Mwanzoni alishukuru kila kitu. Baadaye alishukuru bila kuangalia. Mguu ulipona, lakini mtu aliyekuwa juu ya mguu nilimwona anapungua. Alianza kusinzia mchana. Aliuliza jambo moja mara mbili. Wageni walipokuja walimsalimia shikamoo, akajibu marahaba, wakakaa wakazungumza juu yake wakati yupo: mzee anakula vizuri, mzee halali vizuri. Alasiri moja nilimkuta amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja juu ya kochi.

"Unataka nini, babu? Nikuletee?"

"Hapana," akasema. "Nimehudumiwa hapa mpaka nimesahau nilikuwa nasimama nifanye nini."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa tunacheza kule jikoni. Nilikuwa nimedhani anajifunza kwa ajili yangu, ili niende kwa fundi bila dhamiri kunisuta, na kweli aliingia jikoni asubuhi iliyofuata baada ya kumwambia. Lakini pale kwenye vigae niliona alikuwa anapigania kitu chake pia. Kabla hatujaondoka mjini nilipita kwa Fundi Sikujua. Alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa, akaniuliza kama bado nakumbuka kukata, nikasema ndiyo, akasema, "Mvua," akairudisha.

Tuliporudi kijijini, babu alirekebisha mpini wa sufuria kwa waya kabla hajavua kofia. Miezi iliyobaki alipika kila siku. Mimi niliambiwa nikae mlangoni na nisiseme mpaka niulizwe. Alijipangia mambo yake kama alivyopanga shamba: kuni ndogo alizikata asubuhi kabla ya jua kali, maji alikwenda kuyachota na baiskeli, dumu nyuma, akisukuma kwa mguu wenye kovu. Kuna vitu aliviacha kwa hiari. Mizinga ya nyuki iliyokuwa juu ya miti alimpa kijana wa Mzee Shabani, akasema kupanda kumeisha. Tumbaku akaipunguza, akabaki na mahindi, karanga na viazi karibu na nyumba. Hakulalamika juu ya alivyoviacha na hakuwaruhusu watu wamsikitikie. Nadhani alikuwa na hesabu yake kichwani, kipi cha kuachia na kipi cha kushika, na alichoamua kushika alishika kwa mikono yote miwili.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, ukoo ulikuja kwa kumbukumbu ya bibi. Ibada ilifanyika, wanawake wakapika nje kwa masufuria makubwa, watu wakala wakatawanyika. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku ile, na harufu ya udongo ilikuwa kila mahali, hata ndani ya nguo. Jioni wakabaki wenyewe sebuleni: babu, baba mkubwa, shangazi Kalunde, baba yangu na wengine wachache wa ukoo. Nilikaa chini karibu na mlango. Baba mkubwa alikohoa ili kuanza, babu akainua kiganja.

"Kwanza tule."

"Tumeshakula, baba."

"Mmekula cha kumbukumbu. Hiki ni changu."

Akatoka. Tulisikia mlango wa jiko. Akarudi na sinia la ugali, akarudi tena kwa mlenda na kuku, akarudi mara ya tatu na beseni na birika la maji, akaanza kuwanawisha watoto wake mmoja mmoja. Baba yangu alinawa akiangalia ukuta. Shangazi Kalunde alificha mikono kwenye kanga. "Baba, mimi ninawishwe na wewe?"

"Hii mikono naijua. Ilikuwa michafu zaidi."

Akaitoa. Baba mkubwa hakuitoa yake. Alisema polepole, na nilisikia kwamba hakuwa na hasira, alikuwa na uchungu. "Baba, mimi ni mtu mzima, nina watu mjini. Wakisikia Mzee Mihayo ana watoto na anapika mwenyewe, watasema tumemtupa. Chumba chako kipo. Kwa nini unatufanyia hivi?"

Babu aliweka birika chini. Alikuwa hajakaa. "Siku mama yenu alipozikwa, nyinyi mmelala, nilisikia njaa. Nikachoma muhogo. Nikataka chumvi. Nyumba hii nimeijenga mimi, kila tofali, na sikujua chumvi inakaa wapi. Nikatafuta mpaka muhogo ukapoa. Nikaula hivyo hivyo, nikaona aibu ambayo sijawahi kuona mbele ya mtu yeyote. Maganga, nikija kwako nitakula vizuri. Lakini nitakuwa sijui chumvi inakaa wapi mpaka nife."

Kisha baba mkubwa akanyoosha mikono juu ya beseni. Alinawa kwa muda mrefu. Akamega, akachovya, akatafuna, na sisi sote tukamwangalia kama mgonjwa anayemeza dawa.

"Mlenda umezidi magadi," akasema.

"Nitapunguza," akajibu babu, akakaa, akaanza kula.

Ilikuwa imeamuliwa, ingawa hakuna aliyetamka. Walikula, wakaongea juu ya mbegu na bei ya mbolea, na ndipo shangazi, akikusanya mifupa, akasema kwa wema kabisa, "Basi vizuri. Baba atabaki, na Nyamizi atabaki amsaidie. Hapo hata sisi tutalala."

Nilimtazama babu. Nilikuwa na uhakika atasema. Alikuwa ametetea jiko lake mbele ya wote, neno moja zaidi lisingemgharimu. Alikuwa anatafuna, na alinitazama pia, na hakusema. Aliendelea kunitazama bila kunihimiza, kama alivyokaa kwenye kigoda akisubiri maji yachemke. Nikaelewa kwamba hili halikuwa sufuria lake. Nilisema kwa sauti ndogo sana, baba yangu akaniambia nirudie, nikarudia.

"Mimi nakwenda Tabora kwa Fundi Sikujua. Mvua zimeshaanza."

"Nani kasema?" shangazi akauliza.

"Mimi."

Shangazi alimgeukia babu, babu akamwonyesha kwa kidole kwamba aliyeulizwa ni mimi. Wakaniuliza maswali mengi: fundi ni wa wapi, nitalala wapi, nani amemchunguza. Nilijibu yote. Baadhi ya majibu sikuwa nayo mpaka nilipoyasema. Mwishoni baba mkubwa alisema nitalala kwake Chemchem, chumba cha mbele, kwa kuwa kimeshaandaliwa na mwenyewe amekikataa.

Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na si yote ilikuwa ya kusimama. Mwishoni kabisa alipikiwa, kwa sababu mikono ilitetemeka, na hilo nalo alilipokea bila vita. Lakini alipikiwa kama mtu anayejua kazi. Sinia likija aliuliza nani kapika, akaonja, akampelekea mpishi ujumbe: ugali umekazwa vizuri, au kuni zilikuwa mbichi. Wapishi wa nyumba ile walimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Asubuhi niliyoondoka niliamka kukiwa bado na ukungu. Begi langu lilikuwa dogo. Kwetu msafiri hatoki peke yake. Mwenyeji humsindikiza, hata kama ni mpaka kwenye njia panda tu, na kwa mzee na mjukuu nilitarajia mpaka stesheni. Nilimkuta jikoni, ameinama juu ya mafiga, amepanga vijiti vyake vidogo. Kwenye kigoda kulikuwa na chakula changu cha njiani, karanga na kuku wa kukaanga kwenye jani la mgomba. Nikapiga magoti. "Shikamoo babu. Nimekuja kuaga."

"Marahaba." Hakusimama. Alifunua sufuria, akakoroga, akalifunika. "Nenda salama, mke wangu mdogo. Siwezi kukusindikiza, nina maharage motoni."

Alisema kama wanawake wote wanavyosema, bila kugeuka. Nilichukua begi na chakula changu, nikatoka, nikashika njia ya stesheni peke yangu, na nilikuwa nacheka.